Abiria wa Kiti cha Mbele

Kiti kilikuwa na joto. Ziada aliinuka haraka, akakipapasa kwa kiganja, akakaa tena ili ahakikishe. Ulikuwa mwezi wa Januari, na kule chini ya maghorofa ya Vårby gård, wanakoegesha magari, maji yalikuwa yanaganda kwenye ndoo. Gari lenyewe halikuwa limewashwa tangu lishushwe kwenye trela. Lakini kiti cha abiria kilikuwa na joto la mtu aliyetoka kukaa hapo sasa hivi.

Mumewe hakugundua kitu. Mashauri alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anatabasamu peke yake. Alishastaafu, magoti yanamsumbua, lakini ndani ya ile Pontiac nyekundu alirudi kuwa kijana wa Tanga aliyeletwa Stockholm kusomea ufundi wa mitambo miaka ya sitini, mwenye suruali ya kubana na gari la Kimarekani lililonguruma mpaka vioo vya maduka vikatetemeka. Lile la kwanza aliliuza alipozaliwa binti yao, Salha. Hili, la aina ileile na rangi ileile, alilikuta likioza kwenye ghala la mkulima mmoja. Mkulima alimwambia kwamba mwenye gari alikufa zamani, na tangu hapo hakuna aliyependa kukaa ndani yake. Mashauri alisikia nusu ya kwanza tu.

Kosa lilikuwa la Ziada, tena alilifanya kwa nia njema. Kwao gari kuukuu halipandwi hivihivi. Hufukizwa kwanza, na cha kufukizia ni mvuje, ambao kwa harufu yake hata shetani huomba njia. Tatizo ni kwamba mara ya mwisho alipochoma mvuje nyumbani, majirani waliita zimamoto, na wanaume wenye kofia za chuma wakakagua hadi kabati la vyombo wakitafuta mzoga. Aibu ile ilimtosha. Safari hii alichukua udi wake mzuri, ule wa chumbani, akanyunyiza na marashi, akazungusha chetezo ndani ya gari huku akisema, "Karibu, karibu, kheri iingie." Moshi ni moshi tu, alijiambia.

Tangu siku hiyo Mashauri alihamia chini. Ziada alimpelekea chai alasiri, nje giza la mapema la huko limeshaingia, na kabla hajafika alimsikia akisimulia.

"Basi siku ile nchi nzima ikahama, kutoka kuendesha kushoto kwenda kulia, na mimi nimo barabarani na mdude huu!"

Akanyamaza, kama anayesikiliza. Kisha akacheka, akajibu, "Hapana, sikuogopa."

Ziada alisimama na chupa ya chai mkononi. Kioo cha upande wa Mashauri kilikuwa kikavu. Cha upande wa abiria kilikuwa na ukungu wa pumzi, unatanda na kufifia, unatanda na kufifia.

Jioni alimwuliza kuhusu siku ile ya kuhamia kulia. Mashauri alimkodolea macho. "Kwani waliwahi kuendesha kushoto hapa?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alichokisimulia kule chini hakikurudi naye juu. Wakamtoka kichwani marafiki zake wa Kiswidi waliopenda magari, likaenda bweni lake, wakaenda walimu wake. Salha, kwa simu, alisema, "Mamma, ni uzee tu, mpeleke kwa daktari." Daktari akapima, akasema wasubiri. Lakini Ziada alijua kinachofuata kwenye foleni. Mwaka sitini na tisa, mvua, yeye mwanafunzi wa uuguzi amekaa kiti cha mbele cha Pontiac kwa mara ya kwanza, dirisha limegoma kufungika, kanga yake inachuruzika maji, na Mashauri anaomba radhi njia nzima. Maisha yao yote yalianzia hapo.

"Baba Salha," alimsihi kwa sauti ya chini, "siku yetu usimsimulie."

"Nimsimulie nani?"

Asubuhi moja Mashauri alitoka bafuni, akamkuta mezani, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Samahani, wenye nyumba wapo?"

Ziada aliurudisha mkate sahanini. Miaka arobaini ya ndoa, na mumewe anamwamkia kama mama mzazi wa mtu.

Alipanda treni hadi Rågsved kumtafuta Maalim Shekue, mtu wa Pangani, dereva wa basi mchana na msomaji wa dua watu wanapomhitaji.

"Ulifukiza nini, Bi Ziada?"

"Udi."

"Na marashi?"

"Kidogo."

"Ukasema nini?"

"Nilisema karibu."

Maalim alishusha pumzi. "Basi alikuwemo anakufa njaa, nawe ukamwandalia meza."

Walishuka chini alasiri ileile, Mashauri kati yao, mtiifu kama mgeni. Maalim aliweka mvuje kwenye makaa, akaanza kusoma, na moshi ule mchungu ulipojaa ndani ya gari, kiti cha abiria kikaanza kulia, springi moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu mzito anayejiinua bila haraka, kisha mlango wa upande ule ukafunguka wenyewe, na harufu ya udi, udi wake mwenyewe Ziada, wa chumbani kwake, ikatoka ikapita mbele ya uso wake ikiwa na joto, ikamzunguka Maalim ambaye sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka, ikafika aliposimama Mashauri, naye akavuta pumzi ndefu, na harufu ikakatika.

"Ametoka," Maalim alisema, jasho linamtiririka kwenye baridi ile.

Mashauri alipepesa macho. "Mama Salha, mbona unalia?"

Alilia zaidi. Juu nyumbani alimwandalia chai ya tangawizi, hataki hata kumpa kisogo, na Mashauri, mchangamfu kama zamani, akaanza mwenyewe kusimulia siku yao: mvua, kanga, dirisha lililogoma. Vyote vilikuwa vimerudi. Ziada alimmiminia kikombe cha pili.

"Ila yule dada yako," Mashauri akasema, "yule aliyekaa mbele. Siku hizi yuko wapi?"

"Sina dada, Baba Salha. Mbele nilikaa mimi."

"Wewe ulikaa nyuma, Ziada. Umesahau?" Aliposema, mdomo wake ulinuka udi. "Hata kwenye harusi yetu alikuwepo. Hata siku aliyozaliwa Salha, yeye ndiye aliyempokea."

Ziada alitaka kubisha. Alifumba macho aikumbuke kanga yake, mvua ikimpiga usoni, na akakumbuka: alikuwa kiti cha nyuma, mkavu kabisa, mbele yake kisogo cha mwanamke chenye nywele nyingi zilizolowa. Na katika kumbukumbu hiyo, mwanamke yule alikuwa anaanza kugeuka.