Limekuelea?

Mlezimnemba, mashine ya kulelea watoto, aliinua mikono yake miwili ya plastiki laini, na maji yakapanda kutoka kwenye ndoo yakasimama hewani. Halikumwagika hata tone. Hapakuwa na beseni wala kioo; yalishikiliwa na mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia, yakatulia usawa wa vifua vya watoto, mviringo kama chungu kisicho na udongo. Mtoto aliyetaka alitia mkono ndani, akautoa umelowa, akacheka. Hilo ndilo lililoitwa beseni la hewa, na siku hizo Dodoma nzima ilikuwa ikiringa nalo.

Aliyelibuni alisimama mlangoni mwa darasa la chekechea, mikono nyuma, akitazama kama mpishi anayeona wageni wakila. Ni Mhandisi Zuwena Faki, Mpemba wa kuzaliwa, na ndiye pia aliyemfundisha mlezimnemba kusema. Wenzake walitaka mashine iwaulize watoto "umeelewa?" kama watu wote. Zuwena alikataa katakata. Kwao mtu huulizwa kama somo limemwelea, yaani limemkaa sawasawa moyoni, na hakuona kwa nini watoto wa nchi nzima walelewe kwa Kiswahili cha mkato. Basi kila mlezimnemba, katika kila chekechea, alimaliza kila zoezi kwa neno moja: limekuelea? Tusifiche, neno lile lilimpa raha kila alipolisikia.

Lakini leo hakuja kustarehe. Mashine ilikuwa imetoa uamuzi kuhusu mtoto mmoja, Nyamizi, wa miaka minne. Kila alipoulizwa kama somo limemwelea, alisema hapana. Mashine ikamhesabu kuwa ni mzito wa kuelewa, ikaagiza ahamishiwe Kituo cha Mwendo wa Polepole, nje ya mji, ambako watoto hulala hukohuko na kurudi nyumbani wakati wa likizo. Jina zuri, hilo; sijui nani huwa anakaa kuyatunga majina kama hayo.

Baba Nyamizi, fundi wa mabasi ya umeme, alikuwa akimlea binti yake peke yake. Gari la kumchukua lilishafika uani. Hakuja kugomba. Aliomba tu aone kwa macho yake mtoto wake anavyoshindwa, na Zuwena akamkubalia bila wasiwasi wowote, kwa sababu mashine yake haijawahi kumwaibisha. Walisimama pamoja mlangoni. Zuwena alimwonea huruma yule baba, ila huruma ya mtu anayejua kwamba yuko sahihi.

Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi, lilelile la siku zote. Kila mtoto alipewa jiwe na kipande cha gome la mti avitie majini. Gome likabaki juu, jiwe likashuka mpaka kwenye kitako cha maji. Mlezimnemba akaeleza kwa sauti yake ya upole kwamba jiwe ni zito kuliko maji yanayotosha nafasi yake, ndiyo maana huenda chini. Kisha akapita kwa mmoja mmoja.

"Limekuelea?"

"Limenielea," walijibu, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyejibu hivyo alimulikiwa nyota ya kijani kifuani. Walijibu haraka, macho yakiisubiri nyota.

Akafika kwa Nyamizi. Jiwe lake lilikuwa chini, kama mawe ya wenzake.

"Limekuelea?"

Nyamizi aliinama, akatazama vizuri. "Halijanielea," alisema. "Limezama."

Mlezimnemba akarudia maelezo yote, polepole zaidi. Baba mtu akatazama sakafu. Zuwena alianza kumnong'oneza kwamba kule kituoni kuna walezi wazuri, akakatiza katikati, kwa kuwa Nyamizi alikuwa amelitoa jiwe na kwenda kufungua kopo lake la chakula. Alikitoa kifuniko, akakiweka juu ya maji, akalilaza jiwe ndani yake taratibu, ulimi nje. Kifuniko kikayumba, kikatulia. Jiwe likabaki juu.

"Sasa limenielea," alisema.

Nyota ya kijani ikawaka kifuani pake.

Zuwena alilitazama jiwe lile, akaelewa. Mtoto huyu kila siku anaulizwa kama jiwe limeelea, na kila siku anasema kweli. Alipoona swali halikomi, akaenda kulitafutia jiwe mashua. Na mashine, iliyofunzwa na Mpemba mwenye kujivunia lugha yake, ilisikia tu ndiyo na hapana.

Alimwendea mvulana aliyesimama jirani, Chiduo, ambaye nyota yake ilikuwa inawaka bado. Akamwonyesha jiwe lililolala chini na kumuuliza kama limemwelea. Limenielea, alisema Chiduo, bila hata kulitazama.

Zuwena aligeuka, akamwambia Baba Nyamizi kwamba gari litaondoka tupu. Halafu akakumbuka magari mengine, ya miji mingine, ambayo hayakuondoka tupu. Huko kituoni kuna watoto wamelala mbali na mama zao kwa kosa la kutazama majini kabla ya kujibu. Aliapa moyoni kwamba kabla ya jua kuzama atakuwa amewapigia simu wazazi wote yeye mwenyewe, na atakalosema si hitilafu ya mashine.

"Aliyekosea ni mimi," alimwambia yule baba. "Mtoto wako alikuwa akijibu swali langu. Mimi ndiye ambaye sikusikia."

Baba Nyamizi alifuta uso kwa kiganja, tena na tena.

Nyamizi aliwatazama watu wazima hawa wawili, akaona mhandisi anatia huruma. Akachukua jiwe jingine, akampa. Zuwena akapiga magoti, akalitia majini, likashuka chini moja kwa moja.

"Limekuelea?" Nyamizi akauliza, kwa sauti ileile ya upole ya mlezimnemba.

"La, mwanangu," alisema Zuwena. "Halikunielea."

Nyamizi akamsogezea kifuniko.