Harage Sikioni mwa Valence

Kila jioni akitoka shule, Ida alivua sare, akakaa kwenye kigoda uani kwao, mtaa wa Mfaranyaki mjini Songea, na kuchambua maharage huku akimwangalia mdogo wake, Valence. Kuchambua ni kazi nyepesi. Kumwangalia Valence, lo! Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Mtoto wa miaka miwili, maneno yake yote ni "mama", "maji" na "hapana", lakini mikono yake haikosi pa kuingia.

"Usimwache na ungo peke yake," mama aliagiza kila alipokwenda kuuza ndizi sokoni. "Huyo ataweka maharage puani. Nisikie umemwacha!"

Jumatano moja Asma wa jirani alikuja na mpira wa rede. Ida akasema atacheza kidogo tu. Wapi! Aliporudi alimkuta Valence ameketi katikati ya maharage, kidole sikioni, anasukuma. Ida akachungulia. Ndani kabisa kitu chekundu kiling'aa. Alijaribu kukichokonoa kwa njiti ya kiberiti, kikazama zaidi.

Mama aliporudi, mtoto alikuwa analia. "Ana nini huyu?"

"Baridi, mama," Ida akajibu upesi. "Upepo umemwingia sikioni."

Ilikuwa Juni, na baridi ya Songea mwezi huo haina utani, basi mama akaamini. Akapasha maji ya chumvi, akamdondoshea mtoto sikioni. Ida alitazama kila tone likiingia.

Jioni hiyo aliloweka maharage ya kesho kama kawaida. Asubuhi akafunua sufuria, moyo ukamlipuka paa! Maharage yalikuwa yamevimba maradufu. Je, na lile la sikioni, lililonyweshwa maji?

Kuanzia hapo hakuwa na pa kukimbilia. Akisema, mama atajua alimwacha mtoto, tena alidanganya. Asiposema, Valence atakuwa kiziwi. Akasali. Alisali nyuma ya jiko, alisali chooni, alisali darasani wakati wa hesabu: "Mungu wangu, litoe wewe mwenyewe, na mama asijue." Lakini Valence alizidi kulia, akakataa hata uji, na Ijumaa mwili ukachemka kwa homa. Ida akimwita upande wa sikio lile, hageuki. Hata Mungu amenikasirikia, akawaza. Alijiona kama kuku aliyefungwa miguu, anapiga mabawa na haendi popote.

Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu yao kupokea jumuiya. Wakatoliki wa mtaa waliingia na rozari zao. "Tumsifu Yesu Kristo!" "Milele na milele, amina!" Mzee Kajetani, mwenyekiti wao, aliongoza nyimbo na Neno, kisha akasema kama ilivyo desturi, "Sasa kila mwenye nia aiweke mbele, tumsaidie kuomba."

Mama akatangulia, sauti ikikatika. "Tumwombee Valence wangu. Nimeishiwa. Sijui nimemkosea nini mtoto huyu."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," wote wakaitikia, isipokuwa Ida. Alimwona mama akifuta machozi kwa pindo la kitenge, akijilaumu kwa kosa lisilo lake. Ida akaomba tena moyoni, na safari hii ombi lilikuwa jingine: Bwana, nipe nguvu niseme.

"Na mimi nina nia," akasema. Watu wakageuka, maana watoto hawakuwa na kawaida ya kutoa nia. "Tumwombee Valence. Ana harage sikioni toka Jumatano. Nililiona nikanyamaza. Nilimdanganya mama."

Mama alibaki kinywa wazi.

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," Mzee Kajetani akaitikia peke yake, polepole, akafunga kitabu. "Sala hii tutaimalizia njiani. Mwiteni Bakili na bodaboda yake. Sasa hivi!"

Kwenye kituo cha afya, daktari alimshika mtoto vizuri, akaingiza kikoleo chembamba. Ida alikaza rozari mpaka vidole vikauma. Valence akapiga ukelele, na harage likatoka. Lilikuwa limevimba, ganda limepasuka, kimzizi cheupe kimechomoza.

"Jamani, lilikuwa linaota!" daktari akasema. "Kitu kikiingia sikioni msichokonoe, wala msitie maji. Mleteni mtoto siku ileile. Mngechelewa zaidi, angeweza kupoteza usikivu."

Nje, mama alimgeukia Ida. "Nina hasira na wewe, tena sana. Rede basi, mpaka shule zifungwe." Kisha akamvuta kifuani, akamkumbatia kwa nguvu.

Siku iliyofuata Mzee Kajetani alikuja kumjulia hali mgonjwa.

"Shikamoo, babu," Ida akasema. "Babu, mbona nilisali siku zote zile na Mungu hakunisikia?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Ulimwomba nini?"

"Litoke, mama asijue."

Mzee akacheka kidogo. "Ulimwomba akusaidie kuficha, naye alikuwa anakusukuma useme. Ukikwama, piga magoti, hapo hukukosea. Lakini ukishainuka, mwambie mama yako. Mungu ana mikono mingi, na mingine ni ya hawa watu unaowaficha."

Ida akamsogelea Valence, akanong'ona upande wa sikio lile: "Valence, nisamehe."

Mtoto akageuka mara moja. "Hapana!" akasema, akacheka. Ida naye akacheka, machozi yakimtiririka.