Gitaa Lililogeuziwa Ukutani

Kabla sijafungua mdomo, apa. Weka mkono kifuani, useme mbele za Kyala, Mungu wetu, kwamba hutamwambia mtu, hata mumeo, hata yule dada yako asiyeweza kukaa na neno mpaka jua lizame. Mimi mwenyewe niliapishwa na Yunis tukipepeta mchele, nikaapa vizuri kabisa. Nimekaa na kiapo chake miaka mingi. Sasa kimenichosha. Sogea.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Pale Talatala, kando ya ziwa, alikuwapo Mika, mwana wa Asegelile, na Yunis ndiye mkewe. Asegelile alikuwa mwimbaji wa sauti ya nne kanisani. Sauti nzito, ya kutoka chini ya mbavu. Akiishika, mabenchi yalitetemeka, na wamama wa nyuma tulikuwa tunaisikia kwenye makalio kabla haijafika masikioni. Usicheke, ni kweli.

Masika moja aliugua kifua, akafa. Fundi Enoki, mchonga majeneza, akaja na kamba yake ya kupimia. Akatoa watu wote nje, akafunga mlango. Ndivyo alivyofanya kwenye kila msiba.

"Maiti akipimwa humtazama aliyesimama karibu," alisema. "Tokeni."

Watu wakatoka. Nani abaki?

Baada ya mazishi, Mika alikuwa mtu wa kukaa kizingitini. Mke anamsemesha, anajibu kesho yake. Kilichomtesa ni kwaya. Sauti ya nne ilikuwa imebaki kwa Lameck peke yake, mdogo wa Asegelile, na Lameck alikaa mbali, Busale. Mika mwenyewe alikuwa na sauti ya mama yake, nyembamba kama filimbi. Lakini vidole alikuwa navyo, gitaa alilijua. Akawaza, kama siwezi kuimba kama tata, baba yangu, nitapiga kama tata. Alitaka gitaa la besi.

Akamwendea Enoki amchongee. Enoki hakuinua uso kwenye randa.

"Mimi ni wa majeneza, mwanangu."

Basi Mika akapanda lori la mpunga, na kijigunia chake cha mchele mzuri wa kubadilishana, akaenda Mbeya.

Duka la kwanza lilikuwa la vitambaa, na banjo moja ikining'inia kati ya majora. "Besi? Hapana," mwenye duka alisema. "Nina kinanda cha mdomo." Duka la pili walicheka. "Besi ni mambo ya Dar es Salaam, bwana. Wewe umetoka wapi na viatu hivyo?" Mika akacheka nao kidogo, akatoka. Akazunguka mji mzima na gunia begani, baridi ya Mbeya ikimwingia kwenye kola. Hakuna aliyemjua. Hakuna aliyemsalimu. Jua likaanza kushuka nyuma ya mlima.

Nyuma ya soko, kwenye kichochoro cha mafundi, akaona mlango uko wazi.

Ndani kulikuwa na magitaa. Kumi, labda zaidi. Yote yamegeuziwa ukutani, kama watoto walioadhibiwa. Na harufu... gundi ya kwato za ng'ombe. Mika aliijua harufu ile. Hakukumbuka ameinusa wapi.

"Karibu, mtu wa ziwani," alisema mtu mwembamba aliyekaa gizani.

Mika hakuwa amesema anatoka wapi.

"Mbona yametazama ukuta?"

"Yakitazamana yanaongea."

Yule mtu akainuka, akaligeuza moja la pembeni. Kubwa kama ndama. Nyuzi nne, nene, za utumbo. Mika akalikumbatia, akagusa uzi wa juu kwa kidole gumba.

Ikatoka sauti ya baba yake.

Si kwamba ilifanana. Ilikuwa ni yenyewe, pamoja na ule mkwaruzo mdogo wa mwisho, wa mtu aliyevuta tumbaku ujanani akaokoka baadaye.

"Limetoka wapi?" alinong'ona.

"Kwenu huko chini." Mtu yule alipokea gunia, hakulipima, hata hakulifungua. "Hebu imba kidogo."

"Mimi?"

"Kidogo tu."

Mika akaimba nusu ya ubeti. Yule mtu alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mnunuzi anayegonga nazi.

"Wewe bado," alisema. Akafunga mlango.

Mika alirudi Talatala jioni ya kesho yake, gitaa mgongoni. Yunis alikuwa anaipua ndizi. Mika akakaa, akapiga uzi mmoja.

Yunis akaweka chungu chini. Akajifunika kanga kichwani, akatoka kwa mlango wa nyuma, mbio, mpaka migombani.

Wewe umeolewa huku, unajua. Mke hamtazami baba mkwe. Halali naye chini ya dari moja. Jina lake halitaji hata akibanwa. Akisikia kikohozi chake njiani, miguu yake inaingia migombani kabla akili haijafika. Siku zile hatukufanya mzaha na jambo hilo.

"Baba mkwe yuko ndani," Yunis alinong'ona baadaye, amerudi hadi nyuma ya ukuta.

"Yuko kaburini, Yunis. Ulimlilia."

"Mimi najua kumkimbia kuliko wewe unavyojua kumpenda. Yuko ndani. Kata hizo nyuzi, aende zake, nirudi kwangu."

"Kesho," Mika alisema.

Yunis akaenda kwa shangazi yake kungoja hiyo kesho. Akangoja wiki. Akangoja ya pili. Kila alfajiri alikuja hadi mpaka wa shamba, akauliza bila kuingia, "Umekata?" Na Mika, "Kesho, mama." Siku moja Yunis akamwambia ukweli, kwamba tumboni kuna mtoto, na mtoto yule hatazaliwa kwenye nyumba ya baba mkwe. Mwezi ukiisha anarudi kwao moja kwa moja.

Mika alimpenda mkewe. Lakini jioni ilikuwa inafika...

Jioni, kuku wakishapanda, besi ilianza yenyewe. Hakuna mkono. Mmmm... mmmm... sauti ya nne ya nyimbo za zamani. Mika alikaa sakafuni ameegemeza shavu kwenye mbao. Hakupika. Hakuwasha taa.

Wiki ya tatu, besi ikaacha kuimba. Ikasema.

"Mika... baridi."

Mika akainua shavu kwenye mbao. "Tata?"

"Nifungue."

Kisu kilikuwa pale pale, juu ya kigoda. Mika alikitazama. Akawaza kimya kile cha nyumba, kitakachorudi.

"Kesho, tata," alisema.

Ndipo Lameck wa Busale akafa.

Watu walijaa uani kwa mjane wake, Anyosisye, mchana kweupe. Ndugu walimwomba Mika aje na gitaa, maana sasa sauti ya nne haikuwa na mtu. Akaja nalo kwa baiskeli, amelifunga blanketi zito. Akaliegemeza kwenye mgomba, akasimama karibu nalo kama mlinzi. Yunis alikuwa upande wa pili, na wakwe wenzake, kando ya njia. Kwao Lameck pia ni baba mkwe. Yeye na Mika hawakutazamana.

Fundi Enoki akafika na kamba yake.

"Tokeni," alisema.

Wakatoka. Mlango ukafungwa. Akakaa ndani muda mrefu kuliko wa kupima mtu mmoja.

Enoki akatoka, koti limefungwa vifungo vyote kwenye joto lile. Akashika njia, taratibu, akipita mbele ya wanawake.

Wakwe wote sita wakajifunika vichwa. Wakakimbilia migombani.

Wanaume wakacheka. "Mnamkimbia fundi? Amewaposa?"

Anyosisye hakucheka. Alikuwa na macho makavu ya mjane.

"Wanangu," aliuliza, "mmemkimbia nani?"

Wenyewe walikuwa wanaishangaa miguu yao. Mkwe wao wa kumheshimu, baba wa waume zao, alikuwa amelala ndani. Njiani alikuwapo Enoki tu.

Enoki akaongeza mwendo. Upepo ukamletea Mika harufu. Gundi ya kwato. Jeneza la baba yake. Duka la kichochoroni. Mika akajua.

Akakaza blanketi la gitaa.

Anyosisye ndiye aliyemshika fundi koti. Vifungo vikakatika. Kwapani palikuwa na chungu kidogo cha wafinyanzi wa Ikombe, chenye shingo nyembamba, mdomo umezibwa kwa jani la mgomba na nta mbichi. Na chungu kilikuwa kinaunguruma.

Mmmm...

Kila mtu uani aliijua sauti ile ya Lameck. Ilikuwa imewaombea watoto wao.

Enoki hakukimbia. Alikiweka chini polepole, kama kitu chake.

"Mnakasirika nini?" alisema. "Mngeizika sauti hii mkaiachia funza. Kuna watu wanaipenda, hawataki iondoke. Hamniamini?"

Nyuma yao, chini ya blanketi, kitu kikaitikia.

Mmmm... Ndugu wawili, kama zamani, benchi moja.

Watu wakatafuta kwa macho. Yunis alikuwa ametokeza migombani, kanga usoni. Mke halitaji jina la baba mkwe. Hakulitaja. Alinyoosha kidole.

Wakageuka wote. Wakamkuta Mika amepiga magoti, blanketi limeanguka, viganja vyote viwili vimezibana nyuzi nne zisisikike. Na katikati ya vidole vyake, nyembamba sasa, imechoka, ikitoka sauti ya mzee.

"Mwanangu... kesho ni lini?"