Mdomo wa Sanduku Jekundu

Sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo mwenyewe, na anayebisha aje hapa Durban, mtaa wa Greyville, anibishie usoni.

Mwaka 1998, jioni, nilitoka na shemeji yangu Henriette kununua unga wa foufou, ugali wa kwetu Congo, mtaa wa Sydenham. Mume wake Urbain, mdogo wangu, alipotelea vitani Bukavu. Miaka miwili Henriette alimuuliza kila mgeni aliyefika kutoka Congo: "Hukumuona Urbain?" Wapi! Alikonda mpaka pete ikawa inazunguka kidoleni.

Ili acheke kidogo, nilikuwa namwonyesha masanduku ya posta ya zamani. Durban nzima hakuna anayeyajua kama mimi! Yale ya chuma, mekundu, yenye taji na herufi za malkia Victoria.

"Shemeji, iko ingine tena?"

"Hii ndiyo mzee wao. Ilimuona babu ya babu yako akitambaa."

"Eish, wewe na uongo wako!"

Akacheka. Jua lilikuwa limezama. Barabara tupu.

Kisha...

"Henriette."

Ndani ya chuma. Sauti ya Urbain.

Kwetu hata mtoto anajua: giza likiingia, ukiitwa, huitiki mpaka uone uso.

"Nyamaza," nikamnong'oneza. "Usiitike!"

"Ni yeye, shemeji..."

"Usiitike!"

"Niko hapa, Urbain! Niko hapa!"

Akaingiza mkono kwenye mdomo wa sanduku. Mpaka kiwiko. Harufu ikatoka humo, ya udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa leo.

"Amenishika," akanong'ona. "Vidole vyake... baridi."

Halafu akapiga yowe.

Nikamkamata kiuno. Nikaita jina la Yesu. Nikavuta kama fahali, mguu juu ya chuma, mpaka mkono ukachomoka.

Pete haikuwepo.

Tulikimbia hadi kwenye robot, zile taa za barabarani. Pale kwenye mwanga nikamwambia, "Pole, shemeji. Yule hakuwa Urbain."

Akanitazama ametulia kabisa, kama mtu aliyeamka usingizini.

"Urbain ni nani?"

Mpaka leo Henriette hamjui mumewe. Anashika picha ya arusi yao, anauliza huyu bwana ni wa nani. Sasa ni mimi ninayewauliza wageni, peke yangu, na sauti ya Urbain nayo imeanza kunitoka kichwani.

Kitu kimoja tu nimeongeza, acha nikitoe. Sikumvuta. Nilisimama mbali, nikitazama tu. Kile kitu kilimwachia chenyewe, taratibu...

Kama mtu aliyeshiba.