Kifua cha Gauni

“Yamepungua.”

Fundi alisema hivyo huku futi yake imezunguka kifua cha mchumba wake, macho kayakaza kwenye namba kama msoma mita ya maji. Hakuanza na “habari za kazini.” Hakuanza na “pole na jua.” Yamepungua, basi.

“Yapi?” Swala aliuliza, ingawa alijua.

“Unajua yapi. Mwezi uliopita tulikuwa tumekaribia kabisa. Leo tazama mwenyewe.” Akalishika gauni la harusi alilomvisha, akalivuta mbele. Kitambaa kikamwachia Swala kifua, ngumi mbili zingepita hapo bila kugusana. “Umeanza tena kukimbia?”

“Mimi ni mwalimu wa michezo. Unataka nifundishe mbio nimekaa kwenye kiti?”

“Daktari alisema ukikonda na yenyewe yanakonda.”

“Daktari alisema pia kwamba mafuta mengine mwili utayanyonya tu, hata nikilala kitandani mwaka mzima nakula. Hilo hukulisikia?”

“Nililisikia. Ndiyo maana jana nikampigia.”

“Umempigia nani?”

“Daktari. Anasema inawezekana kurudia kuyahamishia kifuani, awamu ya pili. Mapajani bado kuna mafuta ya kutosha.”

Swala alimtazama mwanaume yule kwenye kioo. Mapaja ni yake, halafu mtu kampigia daktari kuulizia akiba iliyobaki!

Jina la Swala alipewa na wanafunzi wake, kwa ile miguu. Kifuani hakujaliwa sana. Alipokuwa msichana wenzake walimwita ubao, akalia, akakua, akasahau. Ukimuuliza siku alipoanza kukumbuka tena atakutajia siku Fundi alipolivua shuka sanamu la kuvalishia nguo lililosimama nyuma ya duka lake, akamwonyesha gauni. Lilikuwa zuri, tusimnyime haki yake. Shanga zimetambaa kutoka mabegani mpaka kiunoni, bitana laini. Akalivaa. Kiuno kikakaa, mabega yakakaa, kifua kikaning'inia kama mfuko mtupu.

“Mbona kubwa hapa?” aliuliza siku ile.

“Si kubwa, mpenzi. Nimelikata nilivyokuona ndotoni.”

“Basi lipunguze, mimi si ndoto.”

“Kitambaa hiki hakifumuliwi. Sindano ikishapita, ukifumua matundu yanabaki. Nikiligusa hapo kifuani litakuwa tambara.”

Nani atabishana na fundi kuhusu kitambaa? Swala akalivua. Na Fundi naye akaanza kumwonyesha video kwenye simu, moja baada ya nyingine, wanawake wanacheka mbele ya vioo. “Si plastiki hii,” akawa anamwambia. “Ni mafuta yako mwenyewe. Yanatolewa yasipotakiwa, yanawekwa yanapotakiwa.” Yasipotakiwa na nani? Swali hilo Swala hakuliuliza, na lilikuja kumnyima usingizi baadaye.

Dada yake aliuliza la kwake.

“Mdogo wangu, nguo ndiyo inayopimwa kwa mtu. Tangu lini mtu akapimwa kwa nguo?”

“Dada, na mimi nataka. Si kwa ajili yake tu.”

Haukuwa uongo wote. Ule ubao wa utotoni ulikuwa bado una msumari wake. Lakini peke yake usingemfikisha kwenye kitanda cha upasuaji, na Dada alilijua hilo.

Waliomwambia kwamba maumivu yatakuwa kifuani walimdanganya. Yaliyolia ni mapaja. Ule mrija wa kunyonyea mafuta ulipita ndani huku na huku, na alipozinduka kwenye nusu kaputi alikuta miguu yake imevilia damu, rangi ya biringanya, amevishwa suruali ya kubana kutoka magotini mpaka mbavuni. Kwenda msalani ikawa safari ya kuagwa. Kifuani nako hakutakiwa kubanwa na kitu chochote, wala kulala kifudifudi. Dada alimwogesha, akamgeuza, akamlisha. Fundi alikuja jioni na matunda na futi mfukoni.

Halafu kikaja kivimbe, upande wa kushoto, kigumu kama kokwa. Swala alikikuta akioga. Alikaa chini bafuni maji yakimmwagikia, akawaza yale ambayo kila mwanamke huyawaza. Akamwandikia Fundi:

“Nimepata kivimbe kwenye ziwa. Naenda kupiga altrasaundi. Naogopa sana.”

Jibu likaja:

“Pole sana mpz. Vp kitaonekana kwenye gauni?”

Dada alilisoma mara mbili, akamrudishia simu. “Mjibu wewe. Mimi nikimjibu nitafungwa.”

Kivimbe kilikuwa mafuta yaliyokufa yakaganda. Daktari alisema hutokea, hakina madhara. Swala akapumua, na kwa sababu amepumua akasamehe. Amechanganyikiwa na maandalizi, akajiambia, hakuwa na nia mbaya. Mtu akipenda hugeuka wakili wa anayemuumiza, tena wakili wa bure.

Ila leo, kusikia awamu ya pili, wakili alichoka.

“Sirudi,” alisema.

“Swala...”

“Sirudi! Unanielewa? Mrija ule hauniingii tena. Kama gauni haliniingii, nitavaa jingine.”

“Hakuna jingine.”

“Duka zima la magauni, wewe ndiye fundi, halafu hakuna jingine?”

Fundi akavuta kopo la pini. Akikasirika ana tabia moja: hujaza pini mdomoni, midomo akaibana, akainama kwenye kazi. Mwenye pini mdomoni hajibu, na hapo ndipo magomvi yao mengi yalipokuwa yakifia. Akajaza pini, akashika kitambaa kwa mikono miwili, akaanza kukunja pembeni ya ubavu.

Simu yake ikaita pale mezani, karibu na pasi. Ilikuwa shangazi yake, mwanamke aliyemlea na aliyejipa uenyekiti wa kamati ya harusi bila kupigiwa kura. Mikono ya Fundi haikuwa huru. Akatikisa kichwa kuielekea simu, “Mm, mm,” kwa maana ya pokea, weka spika. Kwa mazoea tu. Swala akanyoosha kidole akabonyeza.

“Eh, baba! Umeshampima? Limemkaa?”

“Mm-mm.”

“Bado? Jamani! Si ameshakatwakatwa huyo mtoto wa watu? Ndiyo nilikwambia, baba, tafuta mwenye kifua chake kama yule wa kwanza. Lile gauni yule lilimkaa kama ngozi!”

“Mmmm!”

“Unaguna nini? Simsemi vibaya. Nasema gauni limefunikwa shuka miaka yote hii kama maiti, mtaa mzima unajua limo humo. Fundi wa maharusi kaachwa na bibi harusi wake! Safari hii lazima litoke na mtu ndani. Mwambie arudi kwa daktari aongezwe, vipimo vifike vya yule.”

Fundi alijaribu kutema pini, mbili zikaanguka, moja ikamchoma mdomo. Damu ikamtoka. Swala hakusogea. Alikuwa amesimama ndani ya gauni la mwanamke mwingine, anasikiliza.

“Shangazi,” alisema kwa upole, “ni mimi.”

“Mimi nani?”

“Mtoto wa watu aliyekatwakatwa.”

Simu ikakatika.

Fundi alizitema pini zilizobaki kiganjani. “Swala, ni mambo ya zamani.”

“Ya zamani na ninayo mwilini?”

“Nilitaka kukueleza.”

“Eleza sasa.”

Akaeleza, akitazama sakafu. Alimshonea mchumba wake wa kwanza gauni lile kwa miezi, shanga moja moja. Harusi ikiwa imekaribia, mwanamke akaondoka na mtu mwingine, hata kwaheri alituma kwa rafiki. Wateja wakaanza kumuuliza kwa sauti ile ya huruma yenye kicheko ndani. Wengine walihamia kwa fundi wa mtaa wa pili, eti mkono wake una nuksi.

“Nikajiapiza,” alisema, “kwamba gauni hili hili litatoka hapa na mke wangu, watu wote waone. Hapo ndipo ingekuwa imekwisha.”

“Pole,” Swala alisema, na kwa kweli alimwonea huruma, kidogo. “Ungelipunguza basi.”

“Nikilipunguza si lile tena.”

“Ah.”

“Nilitaka lile, Swala. Kama lilivyokuwa.”

“Na mimi ukataka niwe yule.”

“Hapana! Wewe nakupenda.”

“Una mkasi, una wembe, una cherehani tatu. Vyote hivyo viko hapa. Ukaona bora kisu kipite kwangu!” Sauti yake iligonga mabati, fundi viatu wa jirani akaacha kugonga nyundo. “Nilikaa bafuni nikijua nakufa, wewe ukaniuliza kuhusu gauni! Gauni la nani? Lake! Hata nikifa ningefia vipimo vya mtu nisiyemjua sura!”

“Punguza sauti, mpenzi, watu...”

“Watu ndio waliotufikisha hapa. Chukua wembe.”

“Wa nini?”

“Fumua.”

“Nilishakwambia kitambaa hiki...”

“Fumua, niyaone hayo matundu.”

Akalivua, akavaa suruali yake ya michezo, akakaa kwenye kiti cha wateja. Akamtumia dada yake ujumbe: “Njoo kwa Fundi sasa hivi.” Dada alifika amevaa ndala zisizofanana, aliposikia habari hakuuliza ruhusa ya mtu.

“Wewe shemeji, au nisikuite tena shemeji, maana mdomo wangu unakataa! Mimi nilimwogesha huyu! Nilimfunga ile suruali yenu ya kubana analia kama mtoto, kumbe naliandalia gauni lako sanamu!”

Fundi alishika wembe, na safari hii mdomoni hamkuwa na kitu. Wembe ulipita katikati ya mishono bila kugusa uzi wa kitambaa. Akazihamisha shanga, akakunja, akashindilia, akaendesha cherehani pande mbili za ubavu. Mikono yake ilikuwa hodari, hilo nalo tuseme. Dada hajafika hata nusu ya maneno aliyokuja nayo, kazi ikaisha. Fundi akapitisha pasi ya mvuke, akalinyanyua gauni, akampa Swala bila kumtazama.

Swala akavaa. Dada akamfungia mgongoni.

Likamkaa. Halikubana, halikuning'inia. Lilikaa kana kwamba hakukuwahi kuwa na mwingine.

“Umependeza,” Fundi alisema, macho yamelowa. “Wallahi umependeza. Nisamehe, Swala. Livae hivi hivi. Tuyaache ya nyuma.”

“Matundu yako wapi?”

“Nini?”

“Ya sindano. Nionyeshe moja.”

Akapapasa pale ubavuni, ingawa alijua hatakuta kitu. “Hayapo.”

“Yameenda wapi?”

“Yanaondoka na mvuke wa pasi.”

“Ulikuwa unajua?”

Fundi alimtazama Dada kama anaomba msaada, akakuta jicho ambalo halikuwa na msaada wa mtu.

“Nilikuwa najua.”

Swala akalipandisha gauni kwa mikono miwili, juu, juu zaidi, mpaka mapaja yakaonekana. Pale mrija ulipoingilia kulikuwa na makovu madogo, meusi, mawili huku na mawili huku, na ngozi iliyozunguka ilikuwa bado na mabonde.

“Haya hapa ni yangu,” alisema. “Yapige pasi.”

Fundi aliyatazama. Mkono wake ulikuwa umeishika tena pasi, inatoa mvuke, na hakuwa na pa kuiweka. Akaanza kulia. Swala alimwacha alie. Alimgeuzia dada yake mgongo afunguliwe, akalivua gauni, akalivisha sanamu kwa uangalifu, maana nguo haikuwa na kosa.

“Wageni wamealikwa,” Fundi alisema nyuma yake. “Nitawaambia nini?”

“Waambie ukweli. Ukikushinda, mpe simu shangazi yako.”

Nje jua lilikuwa kali. Walitembea mpaka kwenye kona, Dada akijizuia, mwisho akashindwa.

“Na hayo ya kifuani utayafanyaje?”

“Nitayafanyaje nini? Ni mafuta yangu. Yalikuwa chini, yamehamia juu. Yakitaka kubaki yabaki, yakitaka kwenda yaende. Hakuna atakayeyapima tena.”

Simu ikatoa mlio. Ujumbe wa shangazi, mrefu, umejaa mikono ya kuomba: “Mwanangu nisamehe mdomo wangu. Sikujua kama unasikia. Usivunje harusi kwa maneno ya mwanamke mzee.”

Swala alisimama palepale juani akamjibu:

“Shangazi, mdomo wako hauna kosa. Katika nyumba yenu ni wewe peke yako uliyeniambia kweli, na uliniambia kwa bahati mbaya.”

Akajitoa kwenye kundi la kamati ya harusi, akaizima simu, akamshika dada yake mkono wakavuka barabara.