Kamusi ya Mume Wangu Ilifutwa Nikiwa Uani Namenya Mihogo

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na saba, ni mjane, mama wa mtoto mmoja. Nina kibanda cha kupiga chapa hapa Kasulu mjini, jirani na soko. Nawaandikia haya nikiwa na macho makavu. Msidhani nina roho ngumu... machozi yaliniishia tu, hata sijui lini.

Marehemu mume wangu, Mwalimu Gervas, alifundisha shule ya msingi, lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kamusi. Kamusi ya Kiha, lugha yetu sisi Waha! Alizunguka kwa baiskeli mpaka Rungwe Mpya, mpaka Manyovu, akikaa na vikongwe na kuwauliza majina ya nyasi, ya rangi za ng'ombe, ya mvua inayonyesha huku jua linawaka. Watu walimcheka. Mwalimu mzima anauliza jina la majani anayoyakanyaga kila siku? Naye alicheka nao, kisha akaandika kwenye vipande vyake vya karatasi.

Wakimbizi walipoingia kwa wingi miaka hii ya tisini, mashirika yalijaa Kasulu na Kibondo. Ofisi moja ya Kibondo ilipobadilisha mashine zake, Gervas akanunua kompyuta kuukuu. Tangu hapo, kila jioni jenereta ikinguruma nje, yeye alisoma na mimi nikachapa. Ukiniuliza ndoa yangu ilikuwaje, nitakuambia ilikuwa hivyo... sauti yake na vidole vyangu.

Vile vipande vya karatasi, tulipomaliza kuvichapa, tuliwashia jiko. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua. Karatasi huliwa na mchwa, alisema, kompyuta hailiwi. Mchwa wa huku mnawajua. Nikaona mume wangu ana akili kweli.

Halafu ini likamwangusha. Alilala kitandani msimu mzima wa mvua, na siku zake za mwisho hakuongea habari za shamba wala nyumba. Aliniomba kitu kimoja tu, kitabu kitoke. Nikamwahidi. Tukamzika.

Wachapaji wa Kigoma walikubali kukichapa, lakini walitaka nikilete kwenye disketi, tena kimeandikwa kwa programu wanazotumia wao. Mimi ningefanyaje? Mashine yetu ilikuwa ya zamani, mahali pa kuingiza disketi palikuwa pamekufa, na yenyewe ilishaanza kuganda katikati ya kazi. Unaiwasha, inatafakari, inazima. Nikawa naiwasha kwa woga. Kazi yote ya Gervas ilikuwa mle ndani na hapakuwa na nakala popote.

Wakati huohuo binti yangu Renata alikuwa amepata mchumba. Deo, kijana wa Gwarama, fundi wa kompyuta kwenye shirika moja huko Kibondo. Kijana mpole, Muha mwenzetu, na watu wake walishakuja kujitambulisha. Kila mtu aliniambia nimebahatika. Fundi wa kutafutwa kwa tochi nimeletewa mpaka mlangoni!

Ila jambo moja nililishikilia. Nilimwambia Renata kuwa siku ya harusi nitaipanga kitabu cha baba yake kikishatoka. Sikuweza kuwaza mambo mawili kwa pamoja. Akachukua ndoo, akaenda kuteka maji. Nikadhani ameelewa.

Deo akajitolea kuitengeneza mashine. Angeweka kifaa kipya cha disketi, angeongeza kumbukumbu, kisha angeweka programu mpya ya kuendeshea kompyuta. Alifika asubuhi na gari la ofisi, ambalo lilipaswa kurudi Kibondo siku hiyohiyo.

Sasa, wasomaji, lazima niwaeleze kitu. Sisi tuliolelewa kizamani huku Buha, mama mkwe na mkwewe hawakai chumba kimoja. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, na neno likiwepo hupitia kwa mtu mwingine. Ndiyo heshima yenyewe. Kwa hiyo Deo alipoingia kwa mlango wa mbele, mimi nilitokea wa nyuma. Nikakaa uani namenya mihogo ya chakula chake. Fundi yuko ndani na maisha yangu, mimi niko nje na kisu!

Mchana Renata akatoka. Alisimama karibu na sufuria, akaniambia, "Mama, Deo anauliza kama aendelee."

Nikamjibu, "Mwambie aendelee. Mwambie nashukuru sana."

Akarudi ndani. Nikaongeza kuni.

Deo alipoondoka niliingia, nikawasha. Jamani, ilikuwa nzuri! Rangi za kila aina, picha ndogondogo, haigandi tena. Nikatafuta kamusi. Sikuiona. Nikajiambia labda iko mahali ambapo mimi, mtu wa programu za zamani, sipajui. Nikamtuma Renata aulize. Jibu likaja kwamba ipo, Deo atakuja kunionyesha. Nikasubiri. Nikatuma tena, jibu likawa lilelile. Siku zikapita, nami kila jioni niliiwasha na kutazama yale marangi.

Mwisho nikapiga moyo konde, nikapanda lori la mahindi mpaka Kibondo, mwenyewe, bila kumwambia mtu.

Deo aliitwa kutoka ofisini. Aliponiona akashtuka, akageuka upesi na kuutazama ukuta. Hakunivunjia heshima hata dakika moja, huyo mtoto. Mimi nikatazama upande wa barabara. Nikamuuliza kamusi iko wapi. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yangu kumfikia moja kwa moja.

"Kwani kamusi ilikuwa bado mle, mama?" akasema. "Programu ile hufuta kila kitu kwanza. Nilimtuma Renata akuulize kama umeshatoa kazi zako zote mle ndani, kama bado tungoje mpaka nije tena. Akarudi akasema hakuna kilichobaki, umesema niendelee."

Nikamuuliza kama inaweza kurudi.

"Programu mpya imeandikwa palepale ilipokuwa, mama. Hairudi."

Nilimsikia analia. Sikugeuka. Nilimshukuru... ndiyo, nilimshukuru! Nikaenda kutafuta lori la kurudia. Njia nzima nilitazama magunia. Nilihisi ganzi, ile ya mguu uliokaliwa, ila ilikuwa mwili mzima.

Nyumbani nilimkuta Renata anafua. Sikupiga kelele. Nilimwambia tu nimetoka Kibondo. Mikono yake ikasimama ndani ya beseni. Kumbe siku zote hizo hakuna swali langu hata moja lililofika kwa Deo. Majibu yote aliyatunga mwenyewe.

"Nilitaka kuolewa, mama," akasema. "Kila nikikuuliza lini, unaniambia kitabu. Baba alikufa, kitabu hakifi. Nilidhani kikifutika utanitajia siku, nacho ungekichapa upya baadaye. Yale ni maneno tu, wote tunayajua."

Wote tunayajua! Vikongwe wengi waliompa Gervas yale maneno walishazikwa. Karatasi zilipikia ugali. Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikamtazama mwanangu wa pekee, nikatafuta hasira... sikuipata. Wala huruma sikuipata. Palikuwa kama chumba kilichohamwa.

Baba mdogo wa Gervas alitaka uchumba uvunjwe na binti alaaniwe. Wazee wa Gwarama walikuja na pombe ya ndizi kuomba radhi kwa kosa ambalo kijana wao hakulifanya. Niliwapangia siku ya harusi palepale. Watu wakanisifu kwa moyo wa kusamehe. Si kweli. Sikusamehe, wala sikukataa kusamehe. Siku ya harusi nilivaa kitenge kipya, nikala wali, nikapungia mkono gari lililombeba mwanangu.

Sasa najaribu kuandika upya. Naketi mbele ya ile mashine nzuri, nafumba macho, namsikia Gervas akisoma. Sauti naisikia vizuri kabisa. Neno likifika, nalichapa. Maana yake sina. Vidole vyangu vilikuwa vinachapa tu miaka yote ile, kichwa kilikuwa kinamsikiliza yeye.

Ndugu zangu, nawasihi. Fundi akiingia kwako, ingia naye. Awe mkwe, awe askofu, vuta kiti ukae, muulize kwa mdomo wako na jibu ulisikie kwa masikio yako. Heshima mtaiomba radhi baadaye, watu wataelewa.

Na binti yako akikuuliza ataolewa lini, usimwambie habari ya kitabu. Mtajie siku.