Mkono wa Mama Kwenye Kamusi

Wateja walikuwa wamebanana kibandani kwa fundi simu kama njiti za kiberiti, binti mwenye gauni la bluu akajipenyeza kwa viwiko hadi mbele. Simu yake ilikuwa haitoi sauti.

“Imekuona ikawa bubu,” fundi akasema. “Hata mimi naongea kwa shida.”

Binti akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Jioni fundi akampigia kuulizia hali ya simu. Kesho yake akaulizia hali ya mwenye simu.

Binti akamweleza kazi yake. Wanatunga kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, naye kapewa neno “hold”, lenye maana nyingi kuliko mashangazi harusini: kushika, kubeba, kuzuia, kusubiri kwenye simu. Kila maana inataka sentensi ya mfano iliyotoka kinywani mwa mtu. Fundi, ambaye tangu hapo alimwita Profesa, akamjibu kwamba yeye anataka kumshika mkono tu, maana nyingine wabaki nazo.

Jioni moja ya mvua aliacha utani. Akamsimulia siku ya mwisho ya mama yake hospitalini, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

“Nilimshika mkono mpaka ukapoa, Profesa wangu. Na bado sikuuachia.”

Ofisini kwa binti, kila Ijumaa mifano husomwa kwa sauti, wapime kama ni maneno ya watu kweli. Ijumaa iliyofuata fundi alikuja kumchukua, shati limenyooka kwa pasi. Alipofika mlangoni, mhariri mkuu alikuwa anasoma: “Nilimshika mkono mpaka ukapoa.” Mmoja akauliza huo ni mkono au chai. Meza nzima ikacheka. Binti naye alitabasamu kwa aibu, na hapo ndipo alipomwona fundi mlangoni.

Tangu hapo simu za binti hazikupokelewa. Akamfuata kibandani, macho yamevimba.

“Nimeifuta, mpenzi. Haimo tena.”

“Umeifuta kitabuni. Na vichwani mwa wale?”

Binti akajieleza: hakutaja jina, aliiweka kwa kuwa hakuwahi kusikia sentensi nzuri kama ile, anampenda. Yote yalikuwa kweli. Fundi akaweka bisibisi chini.

“Nikikwambia la moyoni tena, nitajuaje kama unanisikiliza mimi au unasikiliza sentensi?”

Binti alitaka kujibu. Lakini midomo yake ilikuwa inalirudia swali lile kimyakimya, ikionja mpangilio wake, kama ilivyozoea kazini. Fundi akaiona. Akainama, akamwita mteja anayefuata.